Nani Kabeba Mzigo? Safari katika Riwaya na Filamu za Kifaransa

Swali la msomaji: "Nafundisha Kifaransa sekondari, Morogoro. Muhula huu niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, La Noire de..., baada ya kusoma nao kurasa za mwanzo za safari ya mwandishi wa Kifaransa André Gide kule Kongo. Binti mmoja akaniuliza: 'Mwalimu, mbona Mfaransa akisafiri anarudi na kitabu, Mwafrika akisafiri linarudi sanduku lake tu?' Sikuwa na jibu la kuridhisha. Je, ni machungu ya wasanii wa Kiafrika, au kuna jambo ndani ya fasihi yenyewe? Na huku kwetu, katika safari hizo za Kifaransa, kumo?"

Mwalimu, ahsante kwa swali, na naomba umfikishie salamu zangu huyo binti. Ameligusa jambo ambalo wengi wetu tuliosomea fasihi hii tulilipita pembeni kwa miaka. Tulifundishwa kuuliza: msafiri aliona nini, na alibadilika vipi? Yeye ameuliza nani alirudi, na alirudi na nini.

Nitamjibu kwa zoezi ninalowapa wanafunzi wangu kabla hawajafungua kitabu chochote cha safari. Nawaambia: hesabuni mizigo. Kila sanduku, kila furushi, kila hema, kila kasha la mvinyo. Andikeni ni la nani na amelibeba nani. Mkimwona msafiri anatembea mikono mitupu, mtafuteni aliyebeba vyake, hata kama mwandishi hakumpa jina.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa hilo upesi. Neno letu mpagazi limebeba historia ya njia nzima, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipoingia bara mwaka 1857 kutafuta maziwa, hawakwenda wawili. Nyuma na mbele yao kulikuwa na msafara. Hata neno safari lenyewe Wafaransa wamelichukua na wanaliandika kama sisi, ila kwao lina maana ya kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Kwetu mtu akienda msibani Singida, kununua mali Kariakoo au kutafuta kazi Mombasa, yuko safarini. Safari za namna hiyo hazikuingia Kifaransa pamoja na neno.

Naanza na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwani ndiyo inayofungua nyingine. Huku kwetu kumo, tena mlangoni kabisa. Mwaka 1863 mwandishi wa Kifaransa Jules Verne alitoa Cinq semaines en ballon, yaani majuma matano ndani ya puto, riwaya ya safari iliyomjengea jina. Safari inaanzia Unguja. Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza wa kubuniwa, amekuja na puto lake na wenzake wawili. Wenyeji hawataki lirushwe, wanahofia kwamba wageni hawa wana nia mbaya na jua na mwezi. Basi puto linajazwa gesi kwenye kisiwa cha Kumbeni, na tarehe 18 Aprili 1862 linapaa kuelekea bara. Verne hakuwa amekanyaga huku. Alikuwa amesoma taarifa za wapelelezi, na humo akaokota maneno yetu. Fungua sura ya Kazeh, mji ambao leo ni Tabora, utakuta "Wanganga" kwa maana ya waganga, na "tembé" la mfalme. Mara ya kwanza kuyaona maneno hayo katikati ya Kifaransa cha karne ya 19 nilihisi kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili na watu asiowajua.

Watu wa Kazeh wanalidhani puto ni mwezi uliowashukia, na wasafiri ni wana wa mwezi. Fergusson anapelekwa kumwona sultani mgonjwa, ambaye kumbe ameharibiwa na ulevi. Kisha mwezi wenyewe unachomoza, watu wanahesabu miezi miwili angani, na wageni wanakimbilia puto lao. Sura moja kabla ya hapo, wenzake wawili wa Fergusson wamerudi mbio kutoka mawindoni wakidhani puto limevamiwa na wenyeji. Walikuwa nyani tu. Mmoja anasema kwa mbali tofauti si kubwa, na mwingine anaongeza kwamba hata kwa karibu. Sentensi hiyo, Mwalimu, usiwarukishe wanafunzi wako. Waisome, waijadili, wajue kwamba watoto wa Ufaransa wamekua na kitabu hicho mkononi kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo kinachonishughulisha zaidi ni puto lenyewe. Fergusson anaeleza mapema faida yake: ukiwa angani huogopi joto, wala mafuriko, wala dhoruba, wala hewa ya maradhi, wala wanyama wakali, wala watu. Watu wanatajwa mwishoni, baada ya wanyama. Puto ni njia ya kuvuka bara bila kumwomba mtu maji, bila kumlipa mtemi hongo ya njia, bila kubembelezana na mpagazi hata mmoja. Afrika inajifungua chini kama ramani. Verne alijua kutokana na vitabu kwamba misafara ilikuwa na taabu zake, na dawa aliyoipata ni kuwaondoa wanadamu katika hesabu. Ndiyo maana huwa naanza naye: mizigo ipo, vyakula, silaha, maji, lakini hakuna anayeibeba. Inaelea.

Miaka 62 baadaye mwandishi mwingine mkubwa wa Ufaransa alikwenda kweli. Gide aliondoka Julai 1925 pamoja na kijana Marc Allégret aliyechukua kamera ya filamu. Walipita Kongo ya Kifaransa, Ubangi-Shari (leo Jamhuri ya Afrika ya Kati) hadi Chad. Voyage au Congo kilitoka mwaka 1927. Kurasa za mwanzo mlizosoma ni za vipepeo na za vitabu alivyovisoma njiani. Naelewa kwa nini binti yako hakuvutiwa nazo. Wapeleke mbele, hadi Oktoba, kwenye njia ya Bambio. Hapo Gide anawakuta wanawake wakitengeneza barabara katika mvua. Wengine wana watoto mgongoni. Hawana jembe wala sururu, wanachota udongo kwa mikono. Na barabara yenyewe inatumiwa na gari moja, mara moja kwa mwezi, linalompeleka wakala wa kampuni ya mpira na mtawala wa wilaya kwenye soko la Bambio.

Halafu anasimuliwa kisa ambacho wenyewe walikiita dansi ya Bambio. Wachuma mpira kumi waliokosa kuleta mpira mwezi uliotangulia walizungushwa juani, kulizunguka jengo la kampuni, kila mmoja amebebeshwa gogo zito. Anayeanguka anainuliwa kwa kiboko. Mmoja wao, jina lake Malongué, hakuinuka tena. Ona mzigo huo ulivyo. Hauna mwenyewe, hauna soko unakopelekwa, haufiki popote. Yule yule anayebeba mizigo ya kampuni siku zote anaadhibiwa kwa kubebeshwa kitu kisicho na kazi. Katika yote niliyosoma ya Kifaransa kuhusu Afrika, sijui ukurasa unaosema ukweli wa ukoloni kwa ufupi kuliko huo.

Gide mwenyewe alikuwa na wapagazi, nyakati nyingine wakikaribia sitini, na wachukuzi wa machela ambayo kule waliiita tipoye. Hakuwa na raha nayo, mara nyingi alishuka akatembea. Kitabu chake kiliamsha mjadala hadi bungeni Paris. Ukoloni wenyewe hakuupinga, alizipinga kampuni zilizokabidhiwa misitu na watu wake. Wapo wanaomlaumu kwa hilo na wana hoja. Mimi namheshimu kwa sababu aliweka majina. Malongué tunamjua leo kwa kuwa Gide aliliandika jina lake.

Sasa linganisha na filamu ya Allégret, iliyotoka mwaka huohuo kwa jina hilohilo. Kuna nyumba za Wamassa zenye umbo la mitungi iliyopinduliwa, picha nzuri kweli. Kuna ngoma, kuna uvuvi, kuna kisa cha mapenzi ya kijana na binti wa Kisara kilichopangwa kwa ajili ya kamera. Bambio haimo. Watu wawili walioandamana njia moja, wakala chungu kimoja, mmoja ametuachia barabara iliyochimbwa kwa viganja na mwingine ametuachia bustani. Ukiwa na muda darasani, hilo peke yake linatosha somo zima.

Katika miaka hiyohiyo gari lilipewa ushujaa. Oktoba 1924 magari 8 ya Citroën, yenye matairi mbele na mikanda ya mpira nyuma, yaliondoka Colomb-Béchar huko Algeria kuvuka bara zima chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Na hapa tunaingia tena sisi: walipofika Kampala walijigawa makundi manne, moja likaelekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji na moja Cape Town, kisha wote wakakutana Madagaska. Léon Poirier aliyekuwa na kamera alitengeneza filamu ya La Croisière noire, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika jumba la Opera la Paris Machi 1926. Mafuta na akiba vilikuwa vimetangulizwa njiani na misafara mingine, kwa nguvu za wanyama na za watu. Sifa ikaenda kwa injini.

Na mizigo ya kurudi je? Hapa msome Michel Leiris. Alikuwa katibu wa msafara wa kitaalamu wa Dakar hadi Djibouti, 1931 hadi 1933, ulioongozwa na Marcel Griaule kukusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Paris. Katika shajara yake, L'Afrique fantôme ya mwaka 1934, anasimulia jinsi Septemba 1931, katika kijiji cha Kéméni nchini Mali ya leo, walivyodai kitu kitakatifu kiitwacho kono, wakawatisha wazee, wakaacha faranga 10 na kukitoa wenyewe ndani ya kibanda chake. Watu walitawanyika kwa hofu. Leiris hafichi kitu: anaandika kama mtu anayejua ameshiriki wizi. Zaidi ya vitu 3,000 vilifika Paris kwa njia ya msafara huo. Kisa hicho kiweke akibani, nitakihitaji tukifika kwenye kinyago cha Diouana, yule binti wa Dakar katika La Noire de... anayekwenda Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani.

Riwaya ya Le Lion ya Joseph Kessel, mwaka 1958, hutajwa sana kwa kuwa imewekwa Kenya, mbugani chini ya Kilimanjaro. Msichana Mwingereza na simba wake wameandikwa kwa upendo mkubwa. Yule moran wa Kimasai anayejitoa kupambana na simba ameandikwa kama mkuki wenye miguu. Soma kwa ajili ya simba.

Nije kwenye swali lako kuu, la machungu. Machungu yapo, na yana haki ya kuwapo, lakini kabla yake kulikuwa na sheria. Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, kwamba hakuna kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika bila kibali, na maandishi ya filamu lazima yakaguliwe kwanza. Matokeo yake unayaona katika Afrique-sur-Seine ya mwaka 1955. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, vijana wa Kiafrika waliokuwa Paris, hawakuweza kupata ruhusa ya kupiga picha kwao, wakaelekeza kamera kwa Waafrika wa Paris. Filamu hiyo, mojawapo ya za kwanza kabisa za Waafrika wa makoloni ya Ufaransa, ikawa filamu ya ugenini kwa sababu nyumbani palikuwa pamefungwa. Kwa hiyo anayesema wasanii hawa walipenda kulia wakiwa Ulaya, mwambie waliwekwa huko na karatasi iliyogongwa mhuri.

Kitabu ambacho ningependa ukiweke mezani pamoja na Sembène ni Une vie de boy cha Ferdinand Oyono wa Kameruni, mwaka 1956. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi, na ukikipata wanafunzi wako wataweza kulinganisha lugha mbili. Toundi ni mtumishi wa nyumbani kwa kamanda wa Kifaransa. Kuna safari moja ya kikazi kwenda vijijini. Mhandisi wa Kifaransa anaishi na mwanamke wa Kiafrika, Sophie. Siku ya safari Wazungu wawili wanakaa mbele, na Sophie, mwanamke anayelala naye kitanda kimoja, anapandishwa nyuma pamoja na Toundi na vitu. Njia nzima anawaza na kusema kwa sauti: kwa nini asichukue sanduku la fedha la huyu bwana akimbilie Guinea ya Kihispania, ile ya Ikweta ya leo? Baadaye analichukua kweli na kutoweka. Katika riwaya nzima, Sophie ndiye msafiri pekee anayefika alikotaka kwenda. Alihesabu mizigo, akachagua mmoja.

Gharama anailipa Toundi. Anakamatwa, anapigwa, anatoroka kwa njia ileile ya mpaka, na ndiyo maana kitabu kinaanza Guinea ya Kihispania, usiku, na mtu anayekufa ugenini. Anamuuliza msimulizi: ndugu yangu, sisi ni nini? Akishakufa, msimulizi anafungua kifurushi chake na kukuta madaftari mawili yaliyokunjamana. Humo ndimo ilimo riwaya. Mwambie binti yako asiliache hilo: Mwafrika naye alikuwa na kitabu safarini. Kilikuwa ndani ya furushi, na ilibidi mtu mwingine alifungue.

Wala si kweli kwamba kila Mwafrika anayesafiri katika fasihi hii anakufa. Camara Laye anamaliza L'Enfant noir, mwaka 1953, akiwa ndani ya ndege kutoka Conakry. Anagusa mfuko wake na kuhisi kitu kinene: ni ramani ya treni za chini ya ardhi za Paris. Kijana aliyekulia penye karakana ya baba yake mhunzi na nyoka mweusi mlezi wa ukoo, sasa amebeba karatasi ya kumwonyesha pa kushukia. Haelezi zaidi, kitabu kinafungwa hapo. Bernard Dadié wa Ivory Coast, katika Un nègre à Paris, mwaka 1959, anamfurahisha msomaji kwa njia nyingine. Tanhoe Bertin anapata tiketi ya ndege na anakwenda kuwatazama Waparisi kama wataalamu walivyotutazama sisi: wanakimbilia wapi, wanaabudu nini, kwa nini hawasalimiani ndani ya treni. Jean Rouch naye, Mfaransa aliyefanya kazi miaka mingi na marafiki zake wa Niger, anampeleka Damouré Zika Paris katika filamu ya Petit à petit, miaka ya mwanzo ya 1970, akiwa na kipimo mkononi. Damouré anawasimamisha wapita njia kwa adabu, anawapima vichwa na kuomba kuwaangalia meno. Wengi wanakubali. Sembène alimwambia Rouch mwaka 1965, uso kwa uso, kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Nadhani maneno hayo yalikuwa makali mno kwa mtu wa namna ya Rouch, lakini kipimo kile cha Damouré kinanionyesha kwamba aliyasikia.

Baada ya uhuru mizigo inabadilika sura. Filamu ya Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, mwaka 1973, jina lake kwa Kiwolofu ni safari ya fisi. Mory ana pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele, na yeye na Anta wanataka Paris, ile Paris ya wimbo wa Josephine Baker unaorudiwa na kurudiwa. Wanahitaji nauli. Wanaiba kasha katika uwanja wa mieleka wakidhani limejaa fedha. Wanalifungua: fuvu la kichwa. Wanajaribu kwingine, wanafanikiwa, wanavaa vizuri na kufika bandarini Dakar. Meli inaitwa Ancerville, jina la meli ya kweli iliyokuwa ikienda Marseille. Anta anapanda. Mory anafika kwenye ngazi, honi inalia, anageuka na kukimbia kurudi mjini. Nimeitazama mara nyingi na bado sikubaliani na wanaosema Mory ni mwoga. Alikuwa amekwisha kufungua kasha na kuona kilichomo.

Na kwa karibu zaidi nasi, angalia Komoro, kwa ndugu zetu ambao lugha yao na yetu zinasikilizana nusu ya njia. Visiwa vitatu vilijitawala mwaka 1975, Mayotte ikabaki Ufaransa. Tangu 1995 mtu wa kisiwa cha Nzuani anahitaji viza kwenda Mayotte, kisiwa ambacho babu yake alikwenda harusini kwa mashua. Wanaokosa viza wanapanda boti ndogo za kwassa-kwassa usiku. Ali Zamir, mzaliwa wa Nzuani, alitoa mwaka 2016 riwaya iitwayo Anguille sous roche. Msimulizi ni binti wa miaka 17 aliyemo majini, anazama, na anasimulia maisha yake yote kabla pumzi haijaisha. Riwaya nzima ni sentensi moja. Huwezi kupumzika kwa sababu yeye hawezi. Hana sanduku, hana furushi, hata daftari la Toundi hana. Ana sauti tu. Ukiweza kukipata, wasomee kurasa mbili kwa sauti bila kusimama, uone darasa linavyoanza kupumua naye.

Sasa La Noire de..., mwaka 1966, ambayo Sembène aliitoa katika hadithi yake fupi, na hadithi hiyo katika habari ndogo ya gazeti la Ufaransa. Umeshaitazama, kwa hiyo sitaisimulia. Nakuomba uirudie ukifuata vitu viwili tu: sanduku na kinyago.

Diouana anashuka melini na sanduku lake, amevaa vizuri, anajiuliza kama kuna atakayempokea. Yumo anayempokea, na kuanzia hapo Ufaransa ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Anaambiwa avue viatu vya visigino kwa kuwa ni mtumishi. Anavalishwa aproni. Kinyago alikichukua kwa mtoto wa kwao na kumpa mwajiri wake wa kike kama zawadi tangu Dakar. Kule Dakar kilikuwa kimoja miongoni mwa vingine, huku Antibes, Ufaransa, kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Ni kono ya Kéméni tena, ila safari hii hakikuibwa. Kilitolewa kwa moyo mweupe, na bado kikafika ukutani kuwa pambo.

Barua ya mama yake inapofika, Diouana hajui kusoma. Bwana wa nyumba anamsomea, kisha bila kumuuliza anaanza kumwandikia majibu. Anatunga habari za afya njema na salamu. Diouana anaichana. Hapo ndipo binti yako atapata jibu lake kuhusu nani anarudi na kitabu: kalamu ipo mezani, na safari yake Diouana inaandikwa na mwajiri mbele ya macho yake. Sauti tunayoisikia sisi, ya mawazo yake, hakuna hata mmoja mle ndani anayeisikia.

Baada ya hapo anakishusha kinyago ukutani. Anakataa fedha. Anafunga sanduku vizuri, nguo zimekunjwa, kama mtu anayesafiri asubuhi. Halafu bafuni, anajitoa uhai.

Na sasa tazama anayesafiri. Bwana yule wa Antibes yuko Dakar, anatembea mwenyewe hadi mtaa anakokaa mama yake Diouana. Amebeba sanduku na amebeba kinyago. Hana mpagazi wala boi. Kutoka Verne, kupitia Gide na machela yake, hadi magari ya Citroën, sikuwa nimewahi kuona Mfaransa katika Afrika akiwa amebeba mzigo wa Mwafrika mikononi mwake, chini ya macho ya mtaa mzima. Anampa mama fedha, mama hazichukui. Yule mtoto anakiokota kinyago, anakivaa, anamfuata. Mtu mzima anageuka nyuma, anaongeza hatua, anageuka tena, anaingia garini na kuondoka. Mtoto anabaki, anakishusha kinyago taratibu, na uso wake unatutazama.

Ukipata kipindi kimoja tu kabla ya mitihani, acha mengine yote niliyoandika hapa. Waonyeshe dakika hizo za mwisho mara mbili, ya kwanza bila sauti, na kila mmoja awe na karatasi aandike kila kinachobebwa, mkono wa nani kimetoka na mkono wa nani kimebaki. Yale atakayoandika binti aliyeuliza swali, ukiona yanafaa, nitumie. Ningependa sana kuyasoma.